Kupima kinga ya shoti katika saketi ya fyuzi ya kielektroniki wakati wa kuwasha

Fyuzi ya waya hulinda kwa kujitoa mhanga: mkondo ukizidi, waya huyeyuka, saketi inakatika, na mtu anakuja na fyuzi nyingine. Fyuzi ya kielektroniki haina waya wa kuyeyuka. Ndani ya chipu yake mna transista ya mosfeti iliyokaa kati ya chanzo cha umeme na mzigo, saketi ndogo inayopima mkondo unaopita, na mantiki inayoamua kama mosfeti ipitishe umeme wote, iubane usivuke kikomo kilichopangwa, au iukate kabisa. Kwa kuwa inatakiwa kulinda leo, kesho na mara ya mia, haitoshi kuijaribu mara moja, kuona kwamba bodi haikuungua, kisha kuandika kwamba imefaulu.

Mwongozo huu unahusu shoti ambayo tayari ipo upande wa kutokea pale umeme unapowashwa. Jaribio hili si sawa na lile la shoti inayotokea saketi ikiwa kazini, ingawa mara nyingi yanachanganywa. Shoti ya kazini huikuta mosfeti ikipitisha kikamilifu, kwa hiyo mkondo hupanda kwa kasi inayozuiwa na waya peke yake, na swali ni kama chipu itawahi kukata. Shoti ya wakati wa kuwasha huikuta mosfeti ikiwa imefungwa na ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Mkondo haupandi kwa kishindo, lakini volteji yote ya chanzo inabaki juu ya mosfeti huku mkondo ukipita, na hapo swali linakuwa la joto. Chipu inaweza kufaulu vizuri katika jaribio moja na kushindwa katika jingine.

Jambo la kuweka akilini tangu mwanzo ni kwamba sehemu kubwa ya yale utakayoyaona kwenye skrini ya oskiloskopu, kifaa kinachochora volteji na mkondo kadiri muda unavyokwenda, ni tabia ya meza yako ya majaribio, si tabia ya fyuzi. Urefu wa waya, aina ya pawa saplai, mahali ulipoiweka shoti na namna ulivyoibana probu, yaani ncha ya kupimia ya oskiloskopu, vyote huingia kwenye mchoro. Kwa sababu hiyo hatua za maandalizi hapa ni ndefu kuliko hatua za jaribio lenyewe, na sioni njia ya kuzifupisha.

Hesabu kabla ya kushika waya

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: reli (njia ya umeme inayolisha saketi) ya volti 12, kikomo cha mkondo cha ampea 3, na kapasita ya mikrofaradi 470 upande wa kutokea. Fungua waraka wa mtengenezaji wa chipu yako na uandike pembeni mambo haya: kikomo cha mkondo pamoja na upotofu wake wa juu na wa chini, kiwango cha mkondo kinachosababisha kukata kwa haraka, kasi ya kupanda kwa volteji ya kutokea, joto ambalo chipu hujizima, tabia yake baada ya kujizima, na volteji ya juu kabisa ambayo pini ya kuingilia inaweza kuivumilia.

Kasi ya kupanda kwa volteji kwa kawaida huwekwa na kapasita ndogo kwenye pini yake maalumu. Mkondo unaohitajika kujaza kapasita ya kutokea ni ukubwa wa kapasita mara kasi hiyo. Volteji ikipanda kwa volti 1 kila milisekunde, mikrofaradi 470 zitahitaji ampea 0.47 kwa muda wa milisekunde 12, jambo ambalo liko chini sana ya kikomo. Volteji hiyohiyo ikiachwa ipande ndani ya mikrosekunde 100, hesabu inatoa ampea 56, na chipu itaiona kapasita tupu kama shoti. Hapa ndipo inapozaliwa ile lawama ya kwamba fyuzi inakata bila sababu.

Sasa weka shoti kamili badala ya kapasita. Volteji ya kutokea ni karibu sifuri, kwa hiyo mosfeti inabeba volti 12 zote huku ikipitisha ampea 3, yaani wati 36 ndani ya chipu yenye upana wa milimita chache. Hakuna kifungashio kidogo cha namna hiyo kinachoweza kumwaga wati 36 mfululizo. Chipu inapanda joto, na ikifika kiwango chake cha kujizima, ambacho katika chipu nyingi ni karibu na nyuzi 150 za Selsiasi ndani ya silikoni, inakata. Kujizima huko ni kazi iliyopangwa. Baadhi ya chipu hubaki zimejifunga mpaka mtu azizime na kuziwasha upya. Nyingine hupumzika kidogo na kujaribu tena, na zitaendelea hivyo maadamu shoti ipo. Ikiwa kila jaribio linadumu milisekunde 2 na kurudiwa kila milisekunde 128, kila mara mosfeti inameza milijuli 72, na wastani wake ni kama wati 0.56. Wastani huo unavumilika, ila silikoni inapashwa na kupozwa karibu mara nane kila sekunde, na uchovu huo hauonekani katika jaribio la dakika moja.

Chipu nyingi hupunguza kikomo cha mkondo pale volteji ya kutokea inapokuwa chini, ili kupunguza joto hilo. Ni mbinu nzuri, lakini inahamisha hatari. Chukua kikomo kinachoanzia ampea 0.6 volteji ikiwa sifuri na kupanda kwa mstari ulionyooka hadi ampea 3 volteji ikifika 12. Katika shoti kamili mosfeti inabeba wati 7.2 tu. Katika volti 4.5, kikomo ni ampea 1.5 na volteji iliyobaki juu ya mosfeti ni 7.5, hivyo joto ni wati 11.25, na hicho ndicho kilele cha mstari wote. Mzigo unaoleta hali hiyo ni wa omu 3. Kwa maneno mengine, katika chipu ya aina hii shoti mbovu, ile ya maji kwenye kiunganishi au kapasita iliyoanza kuvuja, huipasha moto kuliko kipande kinene cha shaba. Fanya hesabu hii kwa chipu yako, kwa kuwa itakupa thamani ya rezista utakayoihitaji katika hatua ya nne.

Kuandaa chanzo cha umeme

Pawa saplai ya mezani ina kinga yake ya mkondo, na kinga hiyo ndiyo adui wa kwanza wa jaribio hili. Ukiiweka kwenye ampea 3 kwa nia njema ya kulinda bodi, saplai itaanza kubana mkondo wakati uleule fyuzi inapobana, volteji itashuka, fyuzi itaona volteji ya kuingilia ni ndogo mno na kujizima kwa sababu hiyo, volteji itarudi, fyuzi itawaka tena, na mchoro mzuri wa meno ya msumeno utajitokeza kwenye skrini. Niliwahi kutumia mchana mzima kurekebisha rezista ya kikomo, ile inayopanga kikomo cha mkondo cha fyuzi, ili kuondoa meno hayo, kumbe fyuzi haikuwa imefikia kikomo hata mara moja. Tangu siku hiyo huwa naweka kikomo cha saplai angalau mara tatu ya kikomo cha fyuzi, na huwa na chaneli moja ya oskiloskopu inayotazama volteji ya kuingilia wakati wote.

Karibu na bodi, weka benki ya kapasita za elektroliti, tuseme mikrofaradi 4700, ili mkondo wa ghafla usitegemee saplai iliyo mbali. Benki hiyo ikiwa na volti 12 imehifadhi kama juli 0.34, na kwa volti 48 zingekuwa juli 5.4, kiasi cha kurusha cheche na vipande vya chuma kilichoyeyuka. Vaa miwani ya kinga, hasa kama bodi ina kapasita za tantalamu, ambazo hupasuka na kuwaka zikitendewa vibaya. Kila baada ya jaribio tumia rezista kumwaga chaji ya benki kabla ya kugusa chochote.

Lakini benki hiyo pia hudanganya kwa namna yake, kwa sababu inaficha induktansi ya waya, yaani tabia yake ya kupinga mkondo kubadilika ghafla, ambayo bodi itakutana nayo katika matumizi halisi. Waya wa mita moja una induktansi ya takriban mikrohenri 1. Mkondo ukikatwa ghafla, nishati iliyo kwenye induktansi hiyo huenda kwenye kapasita iliyo mlangoni mwa chipu na kuipandisha volteji yake. Kiasi kinachoongezeka ni mkondo uliokatwa mara kipeuo cha pili cha induktansi iliyogawanywa kwa kapasita. Kwa ampea 30, mikrohenri 1 na mikrofaradi 10, ongezeko ni volti 9.5, na reli ya 12 inafika 21.5. Kwa mikrofaradi 0.1 hesabu inatoa ongezeko la volti 95, yaani chipu imekufa. Kumbuka pia kwamba kapasita ya kauri iliyoandikwa mikrofaradi 10 inaweza kupoteza nusu ya uwezo wake au zaidi inapokuwa na volti 12 juu yake. Ndiyo maana waraka wa chipu hizi huelekeza kuweka diodi ya TVS, inayomeza miruko ya volteji, upande wa kuingilia, na diodi ya Schottky upande wa kutokea ili kuzuia volteji kwenda chini ya sifuri pale waya wa mzigo unapolazimisha mkondo uendelee. Diodi hizi ziwe zimelehemiwa mahali pake kabla ya jaribio la kwanza, kwa kuwa ukizisubiri baada ya chipu kuharibika hutajua kilichoiua.

Fanya majaribio yote mara mbili: kwanza ukiwa na benki, kisha bila benki, ukitumia waya wenye urefu uleule utakaotumika kwenye kifaa chenyewe.

Kutengeneza shoti iliyo shoti kweli

Swichi ya kawaida, relei na koleo za mamba hazifai kuwa shoti ya jaribio la kuwasha. Mguso wake hurukaruka na ukinzani wake hubadilika kila mara. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba shoti inawekwa mapema bodi ikiwa haina umeme, kwa hiyo unaweza kuilehemu. Kipande cha waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 chenye urefu wa sentimita 10 kina ukinzani wa takriban miliomu 0.7, katika ampea 3 kitaonyesha volti 0.002 tu. Lehemu kipande kama hicho moja kwa moja kwenye pedi za kutokea, karibu na chipu. Andaa cha pili kwenye ncha ya kebo ya mzigo, kwa kuwa shoti ya mbali ina ukinzani na induktansi zake na hutoa mchoro tofauti.

Kupanga oskiloskopu

Unahitaji chaneli nne: pini ya kuwasha, ambayo michoro mingi huiandika EN, volteji ya kuingilia, ipimwe kwenye pini yenyewe ya chipu na si kwenye vituo vya saplai, volteji ya kutokea, na mkondo. Ukiwa na chaneli mbili tu, rudia kila jaribio ukihamisha chaneli ya pili na kuacha ya kwanza kwenye EN. Pini ya kutoa taarifa ya hitilafu nayo inafaa kutazamwa, walau mara moja kwa kila aina ya jaribio.

Graundi ya probu iwe ile ya springi fupi inayogusa karibu na pini, si waya mrefu wenye koleo. Waya huo mrefu unatengeneza kitanzi kinachonasa mabadiliko ya mkondo na kuyaonyesha kama miruko ya volteji ambayo haipo. Kumbuka vilevile kwamba graundi ya oskiloskopu nyingi imeungwa na athi ya jengo. Ukiibana mahali pasipo na graundi ya bodi, umetengeneza shoti nyingine ambayo fyuzi haiioni.

Kwa mkondo, tumia probu ya mkondo yenye upana wa mawimbi wa kutosha. Kanuni ya kukadiria muda mfupi kabisa wa mpando ambao probu inaweza kuuonyesha ni 0.35 kugawanya kwa upana huo: probu ya megahezi 50 huonyesha mpando wa nanosekunde 7, wakati kibano cha kilohezi 100 hakioni kitu chenye kasi kuliko mikrosekunde 3.5. Kwa mkondo wa kuwasha, ambao hudumu milisekunde kadhaa, kibano cha pili kinatosha. Kwa mruko mkali wa mkondo unaoweza kutokea mwanzoni hakifai. Ukitumia rezista ya kupimia badala ya probu, angalia induktansi yake. Rezista ya miliomu 10 yenye nanohenri 5, mkondo ukipanda kwa ampea 12 kila mikrosekunde, huongeza milivolti 60 za uongo, ilhali ampea 3 halisi zingeonyesha milivolti 30 tu. Mtu asiyejua hili ataandika kilele cha ampea 9.

Probu uiweke wapi? Mruko wa haraka hulishwa na kapasita ya kauri iliyo mlangoni mwa chipu, hivyo probu iliyo kwenye waya wa saplai haitauona. Mahali bora ni kati ya pini ya kutokea na kapasita ya kutokea, kwa kitanzi kifupi cha waya ulichokiacha makusudi wakati wa kuunda bodi ya majaribio. Probu ikiwekwa kwenye shoti yenyewe wakati kapasita ya kutokea imejaa, itapima mamia ya ampea za kapasita hiyo inayomwagika, na fyuzi haihusiki nazo kabisa. Kabla ya kila mfululizo wa majaribio ondoa usumaku kwenye probu na uirudishe sifuri.

Triga, yaani ishara inayoiamuru oskiloskopu ianze kunasa mchoro, iwe kwenye mpando wa EN, kwa mkupuo mmoja. Wengi huiweka kwenye volteji ya kutokea kwa mazoea, halafu wanashangaa oskiloskopu haishtuki; volteji ya kutokea haiwezi kupanda, kwa kuwa kuna shoti.

Hatua ya kwanza: bila shoti

Washa kwa EN bila mzigo wala kapasita ya ziada na uhakikishe volteji inapanda kwa kasi uliyoihesabu. Kisha unganisha mikrofaradi 470 na usome mkondo. Katika mfano wetu uwe karibu na ampea 0.47 na udumu kama milisekunde 12. Kisha ongeza mzigo wa rezista. Mzigo wa omu 6 huifanya mosfeti ibebe hadi wati 6 volteji ikifika nusu ya safari, mbali na joto la kujaza kapasita. Ikiwa chipu inajizima hapa, usiende kwenye shoti. Punguza kasi ya kupanda au panga mzigo usubiri ishara ya kwamba volteji imekaa sawa. Hifadhi michoro hii, kwa kuwa utairejea mwishoni.

Pima pia vitu vitatu vya afya ya chipu: kushuka kwa volteji kati ya pini ya kuingilia na ya kutokea katika mkondo unaoujua, mkondo inaoutumia yenyewe, na mkondo unaovuja ikiwa imezimwa.

Hatua ya pili: shoti kamili, kuwasha kwa EN

Volteji ya kuingilia iwe tayari imetulia, shoti ya shaba iwe imelehemiwa karibu na chipu, na EN iwe chini. Pandisha EN.

Mchoro wenye afya una sura hii. Kwa muda mfupi baada ya EN kupanda hakuna kinachotokea, kwa sababu geti ya mosfeti, yaani ncha inayoamua ifunguke kiasi gani, inajazwa polepole. Kisha mkondo unaanza kupanda kwa mteremko mwepesi, unafika kikomo au kile kikomo kilichopunguzwa, na kubaki tambarare. Volteji ya kutokea inabaki sifuri. Volteji ya kuingilia inashuka kidogo na kukaa hapo. Baada ya muda, mkondo unaanguka wima hadi sifuri kwa sababu ya joto, taarifa ya hitilafu inajitokeza, na chipu inajifunga au inaanza kuhesabu muda wa kujaribu tena.

Soma kilele cha mkondo, kiwango cha tambarare, muda wake, na kiasi ambacho volteji ya kuingilia imeshuka. Kipimo cha mwisho ndicho ninachokipa uzito mkubwa, kwa kuwa bodi nyingine zinazolishwa na reli hiyohiyo hazijali kama chipu yako imepona; zinajali kama reli haikuanguka. Kwa reli ya 12 mimi hukataa mchoro wowote unaoishusha chini ya 10.8.

Kuna mruko mkali mwanzoni kabla ya tambarare? Bana mtazamo hadi mikrosekunde 1 kwa kila kigawe na uuangalie kwa karibu. Ukibadilika sura unapohamisha probu, ni wa kipimo. Ukibaki vilevile, geti inafunguka kasi kuliko saketi ya kupima mkondo inavyoweza kuitikia, na kapasita ya kupunguza kasi inahitaji kuongezwa. Tambarare inayotetemeka kama wimbi nayo ni onyo: kitanzi cha kubana mkondo hakijatulia, mara nyingi kwa sababu ya induktansi ya kebo upande wa kutokea au njia mbaya ya graundi kwenye rezista ya kikomo.

Baada ya hapo panua dirisha hadi milisekunde 500 ili uone majaribio ya kurudia. Linganisha la kwanza na la nne. La kwanza huwa refu kwa kuwa silikoni ilikuwa baridi. Yanayofuata yakifupika na kutulia, ni sawa.

Hatua ya tatu: shoti kamili, kuwasha kwa volteji ya kuingilia

Sasa EN iwe imeungwa juu, na umeme uje kwa kuchomeka kiunganishi. Hamisha triga kwenye volteji ya kuingilia. Hapa meza inasema kwa sauti kubwa kuliko chipu: mguso wa kiunganishi hurukaruka, na waya pamoja na kapasita ya kauri hufanya volteji ipite 12 na kukaribia 24 hata kabla mosfeti haijafunguka. Angalia kama kilele hicho kiko chini ya kile ambacho chipu inavumilia, shoti ikiwepo na isipokuwepo. Rudia kuchomeka angalau mara 20, kwa kuwa hakuna michomeko miwili inayofanana, na uhifadhi ule mbaya kuliko yote.

Rudia tena kwa kupandisha volteji ya saplai polepole kutoka sifuri. Karibu na kiwango cha chini ambacho chipu inaanza kufanya kazi, baadhi ya saketi huwaka na kuzimika mfululizo. Ikitokea, ongeza nafasi kati ya volteji ya kuwaka na ya kuzimika kwa kubadilisha rezista za kugawanya volteji, ikiwa chipu inaruhusu.

Hatua ya nne: shoti isiyo kamili

Ondoa shaba na uweke rezista uliyoihesabu, omu 3 katika mfano wetu, yenye uwezo wa wati wa kutosha. Washa kwa EN. Ikiwa tambarare ni fupi kuliko ile ya shoti kamili, hesabu ilikuwa sahihi na sasa unajua hali mbaya kuliko zote iko wapi. Jaribu pia thamani mbili za jirani, omu 2 na omu 4. Zingatia sana thamani ambayo chipu haijizimi wala haimalizi kupandisha volteji, bali inakaa katikati ikichemka. Hali hiyo ikidumu, bodi inayozunguka chipu nayo inaungua taratibu.

Hatua ya tano: shoti inapoondoka au inapokuja katikati ya mpando

Kwa chipu inayojaribu tena, kata shoti wakati inaendelea kurudia na uone kama jaribio linalofuata linapanda kwa ule mteremko wa hatua ya kwanza. Zipo saketi ambazo kapasita ya kupunguza kasi haimwagiki kabisa kati ya majaribio, hivyo volteji inapanda ghafla na kuleta mkondo wa kujaza ambao hukuuona mwanzoni.

Kwa shoti inayokuja katikati ya mpando, tumia mosfeti ya nje yenye ukinzani wa miliomu 1 hivi, ikiwashwa milisekunde 6 baada ya EN. Mosfeti hiyohiyo inakupa jaribio la shoti ya kazini bila kubadilisha chochote, na linganisho la michoro miwili ni la thamani. Kwenye kebo ya mikrohenri 1, volti 12 hupandisha mkondo kwa ampea 12 kila mikrosekunde; hivyo unaweza kukadiria chipu ilichelewa kiasi gani kwa kusoma kilele tu.

Hatua ya sita: kingo

Rudia hatua ya pili na ya nne katika volteji ya juu na ya chini kabisa ya reli, kisha katika joto la juu na la chini la kifaa. Volteji ya juu huleta joto kubwa zaidi. Baridi kali hurefusha tambarare, kwa kuwa silikoni ina safari ndefu hadi nyuzi 150, na nishati ya kila jaribio huongezeka. Kisha acha chipu inayojaribu tena ikae na shoti usiku kucha. Kama kifaa kitapelekwa kwa ukaguzi wa usalama, fahamu kwamba UL 2367 ndicho kiwango cha vilinda mkondo vya silikoni, na IEC 62368-1 hujumuisha majaribio ya hitilafu moja moja. Kwa hiyo ijaribu pia rezista ya kikomo ikiwa imekatika na ikiwa imeungana na graundi.

Hatua ya saba: je, bado ni fyuzi?

Mosfeti iliyoharibika kwa joto kwa kawaida hufa ikiwa imeungana. Bodi itawaka, taa zitawaka, mzigo utafanya kazi, na hakuna mtu atakayeshuku kwamba kinga imekwenda. Kwa hiyo baada ya kila mfululizo ondoa shoti, shusha EN, weka rezista ya kiloomu 1 upande wa kutokea, na upime volteji yake. Iwe karibu na sifuri. Ikisoma 12, chipu ni waya.

Kama imepona, rudia vile vipimo vitatu vya afya. Chipu yenye ukinzani wa miliomu 30 hushusha milivolti 60 katika ampea 2. Pima kwenye pini, kwa waya zisizobeba mkondo wa mzigo, bodi ikiwa imepoa. Mwisho ongeza mzigo polepole mpaka ubanwe, na ulinganishe kikomo na kile cha mwanzo. Kikiwa kimehama zaidi ya upotofu unaoruhusiwa, au mkondo unaovuja umeongezeka, hesabu chipu hiyo kuwa imeshindwa hata kama michoro yake yote ilikuwa safi.

Pamoja na michoro, hifadhi picha ya meza yenyewe, urefu wa kila waya, ukubwa wa benki, kikomo cha saplai na mahali shoti ilipolehemiwa. Mtu atakayerudia jaribio bila taarifa hizo atapata mchoro mwingine, na ninyi wawili mtabishana kuhusu chipu huku tofauti ikiwa ni nusu mita ya waya.